Sura ya 6: Injini ya Chukudu Iko Wapi?

Mgeni akifika Goma, mashariki mwa Kongo, kwa mara ya kwanza, huuliza swali lilelile. Anamwona kijana amesimama juu ya chukudu, ubao wenye magurudumu mawili, amepakia magunia ya makaa hadi usawa wa kifua, anateremka barabara ya Rutshuru huku upepo ukimpiga usoni. Mgeni anatafuta bomba la moshi na halioni. Anatafuta pedali, hazipo. Ndipo anauliza: inaendaje?

Vijana wa hapa nao wana swali lao, na si mbali na hilo. Wametazama filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka 2001, wameiona Dodge Charger nyeusi ya mwaka 1970 ikinyanyua magurudumu ya mbele, na wanataka kujua kwa nini mji wao hauna mashine ya namna hiyo, mashine ambayo mtu anaiunda mwenyewe, anaiendea kazini siku ya kawaida na kuishindanisha akipata nafasi.

Mimi nasema mashine hiyo ipo. Imesimama nje ya soko, imeegemezwa ukutani, na gurudumu lake la nyuma linahitaji grisi.

Walichofanya Wamarekani

Tuanze na magari ya namna ya ile Charger ya filamuni. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa gari iliyoiita GTO. Mainjinia wake, akiwemo John DeLorean, walichukua gari ya ukubwa wa kati iitwayo Tempest, wakaondoa injini yake na kuweka ya gari kubwa, V8 ya lita 6.4. V8 ni injini yenye silinda nane zilizopangwa safu mbili zinazokutana chini kama herufi V. Silinda ndiyo chumba ambamo mafuta yanalipuka na kusukuma. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa na kanuni ya kukataza injini kubwa kiasi hicho katika gari la kadiri ile, basi Pontiac wakaiuza kama nyongeza ambayo mteja anaichagua, si kama gari jipya. Ujanja huo ungeeleweka haraka sana mjini Goma.

GTO ya kawaida ilitajwa kuwa na nguvu za farasi 325. Mtu mwenye afya akifanya kazi kwa saa nyingi hutoa kama sehemu moja ya saba au ya nane ya nguvu ya farasi mmoja. Kwa hiyo chini ya boneti ya gari lile walikuwa wamejificha wasukumaji zaidi ya 2,000.

Wenye magari hayo waliyatumia kwa namna mbili. Siku za kazi, barabarani. Siku za mapumziko, kwenye njia iliyonyooka yenye urefu wa robo maili, yaani mita 402, magari mawili yakianza pamoja kutoka kusimama na la kwanza kufika likishinda. Hakuna kona wala mlima. Kanuni ya ushindi ni nyepesi kuisema: weka nguvu nyingi katika mwili mwepesi.

Jambo ambalo filamu hazilionyeshi ni kwamba GTO za kwanza zilikuwa na breki za ngoma magurudumu yote manne. Breki ya ngoma ni bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu, ndani yake viatu viwili vinatanuka na kulisugua. Ikisugua mara nyingi inapata moto, na ikipata moto inaanza kukataa. Gari liliweza kwenda kuliko lilivyoweza kusimama. Tutarudi hapo, kwa sababu ndipo fundi wa chukudu na injinia wa Detroit wanapokutana.

Mlima badala ya silinda

Kituo cha Kibati, walipokuwa wakianzia watalii kupanda volkeno ya Nyiragongo, kiko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Goma uko karibu mita 1,500. Katikati kuna barabara ya kilomita kama 15. Kwa wastani, kila mita 100 unazosonga unashuka karibu mita 3. Ukiwa unatembea kwa miguu hata huhisi. Ukiwa na mzigo juu ya magurudumu, unahisi.

Tufanye hesabu moja. Chukudu, mzigo na mwendeshaji, jumla kilo 400. Vinateremka mita 400. Uzito huo ukishuka kimo hicho unatoa nishati ya juli milioni moja na nusu hivi. Juli ni kipimo cha nishati: ukiinua kilo moja ya sukari kwa sentimita 10, umetumia karibu juli moja. Milioni moja na nusu zinatosha kuchemsha lita 5 za maji ya baridi. Ungetaka kuipata nishati hiyo kwa pikipiki, ungechoma kama theluthi mbili ya glasi ya esansi, yaani petroli, kwa sababu injini ndogo inageuza kuwa mwendo robo tu ya kilichomo ndani ya mafuta na kutupa iliyobaki kama joto.

Kiasi kidogo hicho? Ndiyo. Hapo ndipo watu wengi wanashangaa, na mimi pia nilipoiandika hesabu hii nilirudia kuipiga. Chukudu haihitaji nguvu nyingi, kwa sababu haikimbii. Inahitaji tu kitu cha kushinda ugumu wa kuviringika, na mlima unatoa zaidi ya hicho.

Kuna faida nyingine ambayo mwenye V8 angeionea wivu. Injini isiyo na turbo, yaani isiyo na pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka baharini, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. GTO ya farasi 325 ikiletwa Goma ingebaki na kama 275. Mteremko wa Kibati haupungui chochote.

Wamarekani wenyewe wanaujua mchezo huu. Tangu mwaka 1935 mji wa Akron, jimbo la Ohio, unaandaa mashindano ya vijigari vya watoto visivyo na injini, vinavyoachiwa juu ya kilima na kuteremka wenyewe. Huko Banaue, milimani Ufilipino, watu wa Ifugao wana pikipiki za mbao walizozichonga kwa mkono, zina magurudumu mawili na vichwa vya wanyama mbele, na wanazishindanisha kwenye mteremko. Sijasikia kwamba kuna aliyemfundisha mwenzake kati ya Ifugao na Kivu. Penye mlima, mti na mzigo, wazo lenyewe huja.

Kwa ufupi: injini ya chukudu ni mlima. Fundi hawezi kuongeza mlima. Kazi yake ni kupunguza kinachouibia nguvu, na kuhakikisha kwamba nguvu hiyo inaweza kusimamishwa.

Mti

Kivu Kaskazini watu husema chukudu ilianza miaka ya 1970, wakati wa Rais Mobutu, uchumi ulipoanza kuyumba na lori kuwa kitu cha wachache. Zaidi ya hapo kila kijiji kina mvumbuzi wake, na sitaingia katika ugomvi huo.

Mwili wa chukudu hutengenezwa kwa mkaratusi. Mti huu unakua haraka, unanyooka, na wakulima wengi wa Masisi na Rutshuru wameupanda kwa ajili ya makaa na nguzo. Una nguvu ya kubeba, lakini una tabia mbaya: ukikauka upesi unapasuka na kujipinda. Fundi asiye na haraka analiacha gogo kivulini kwanza. Mwenye njaa ya pesa anachonga leo na kukabidhi kesho, na baada ya mvua mbili ubao umegeuka upinde.

Ubao wenyewe haunyooki kama meza. Unachongwa kwa tezo na panga, mzito katikati, na shingo ya mbele inainuka kubeba usukani. Kubwa hufika mita mbili na zaidi. Katikati hupigiliwa kipande cha mpira au soli ya kandambili: mwendeshaji anaweka goti hapo na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Ukitaka kujua mtu ameifanya kazi hii kwa miaka, tazama goti lake.

Kwa nini si chuma? Nimewauliza wengi swali hili na jibu ni la mfukoni kabla ya kuwa la kiufundi. Mbao ikivunjika unaitengeneza kwa msumari, kamba ya mpira na saa moja. Chuma kikivunjika unatafuta mwenye mashine ya kuchomelea, naye anatafuta umeme. Lakini kuna la kiufundi pia. Ubao mrefu unanesa kidogo unapopita juu ya jiwe, na barabara nyingi za Goma zimelala juu ya lava. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilikata katikati ya mji na kuacha mawe makali ambayo yamekuwa yakiyatafuna magurudumu tangu hapo. Kunesa kule kunafanya kazi ya springi za gari. Wengine huongeza springi halisi mbele, iliyotolewa kwenye gari chakavu, kati ya usukani na uma wa gurudumu.

Magurudumu, ambako pesa inapaswa kwenda

Nikipewa dola chache za kuboresha chukudu, sitazigusa kwa rangi wala kwa kuandika jina ubavuni. Zote zitaenda kwenye magurudumu.

Gurudumu huchongwa kwenye mti mgumu kuliko mkaratusi. Mafundi wanautaja mmoja unaoitwa mumba. Ni duara zima, si la vijiti kama la baiskeli, na kuzunguka ukingo wake hupigiliwa mkanda uliokatwa kwenye mpira wa gari. Mkanda huo una kazi tatu: unashika lami, unapunguza kishindo, na unauzuia mti usipasuke ukingoni. Misumari izame ndani ya mpira. Ukiona vichwa vinang'aa juu, ujue mpira umekwisha na unaviringika juu ya chuma.

Katikati ya gurudumu kuna beringi. Ni pete mbili za chuma, moja ndani ya nyingine, na kati yao golori zinazoviringika. Bila beringi, ekseli inasuguana na mti. Ukiwa nayo, golori zinaviringika na msuguano unakuwa mdogo sana. Karibu beringi zote za chukudu zimetoka kwenye magari yaliyokufa. Hivyo gereji za Goma na mafundi wa chukudu wamefungwa kwenye mnyororo mmoja: gari la Kijapani linapomaliza maisha yake, sehemu zake za ndani zinaanza maisha mengine chini ya viazi.

Tofauti inayoletwa na beringi nzuri inaweza kupimwa kwa mwili. Tuseme barabara ni tambarare na mzigo ni kilo 400 zilezile. Magurudumu yakiwa mazuri juu ya lami, unasukuma kwa nguvu inayolingana na kubeba kilo 8 mkononi. Beringi zikiwa zimeingia vumbi la lava na njia ikiwa ya changarawe, nguvu hiyo inaweza kufika kilo 20. Kilo 8 mtu mmoja anazisukuma mwendo wa kutembea, kwa saa nyingi. Kwa kilo 20 unahitaji msaidizi nyuma, na msaidizi analipwa.

Breki, au: ile nishati inaenda wapi?

Tulisema kwamba kushuka kutoka Kibati kunatoa nishati ya kuchemsha lita 5 za maji. Sehemu yake inaliwa na barabara na upepo. Iliyobaki ina njia mbili tu. Ama inageuka kuwa mwendo, ama inageuka kuwa joto kwenye breki.

Breki ya chukudu ni kipande cha mpira wa gari kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Ukitaka kupunguza mwendo unakikanyaga, kinalisugua gurudumu. Hakuna waya, hakuna mafuta ya breki. Kinafanya kazi vizuri kuliko unavyodhani, mpaka kinapopata moto au mvua inaponyesha. Mwenye chukudu anayekujali atakuambia ujifunze kunusa: harufu ya mpira unaoungua ikikufikia puani, umechelewa kuanza kupunguza.

Sasa hesabu inayoua watu. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati ya kusimamisha inazidi mara nne. Kama breki yako inakusimamisha kwa mita 8 ukiwa kilomita 20 kwa saa, ukiwa 40 itataka mita 32. Si mita 16. Kijana anayejiambia kwamba leo ameenda "mara mbili tu" ya mwendo wa jana ameongeza hatari mara nne, na mbele yake kuna mama mwenye beseni la nyanya na pikipiki iliyopakia abiria wawili.

Ndiyo maana nasema GTO na chukudu ni ndugu. Pontiac waliuza farasi 325 na breki za gari la familia. Mlima wa Kibati unakupa nguvu bure na kukuachia mwenyewe tatizo la kuzitupa. Katika mashine zote mbili, kinachopendeza macho kimewekwa kwanza na kinachookoa maisha kimewekwa mwisho. Waliokuja baadaye Marekani walibadilisha, wakaweka breki za diski, yaani sahani ya chuma iliyo wazi inayobanwa pande mbili na kupozwa na hewa. Mwenye chukudu anaweza kubadilisha pia, bila kununua kitu: akate mpira wa breki mpana kuliko wa kawaida, aukaze kwa boliti badala ya misumari, na aubadilishe kabla haujawa mwembamba.

Kwa ufupi: mwendo mara mbili, nafasi ya kusimama mara nne; breki pana kabla ya kitu kingine chochote.

Ya mteremko na ya Ndosho

Si kila chukudu imeundwa kwa mlima. Ndosho, katika komini ya Karisimbi, iko upande wa magharibi wa mji, kwenye barabara inayotoka Sake. Barabara hiyo inapita Mugunga, karibu na Ziwa Kivu, na haina mteremko mrefu kama wa Kibati. Mzigo unaoingia mjini kwa upande huu unasukumwa kwa mapaja. Mwenye chukudu wa Ndosho anafanya kazi ambayo mwenzake wa Kibati anaifanyiwa na ardhi, na mashine yake inapaswa kukubali hilo.

Ya mteremko iwe ndefu. Umbali mkubwa kati ya gurudumu la mbele na la nyuma unaituliza inapokimbia, haiyumbi kwa kila kokoto. Mzigo ukae chini na kuelekea nyuma kidogo ili breki ya nyuma iwe na uzito wa kushika.

Ya mjini iwe fupi, igeuke kwenye kichochoro na isimame mbele ya duka bila kuziba njia. Gurudumu la mbele liwe kubwa kiasi, kwa sababu gurudumu dogo linatumbukia mahali ambapo kubwa linapita juu. Ubao uwe mwepesi: kila kilo ya mti unayoisukuma ni kilo ya viazi ambayo hukulipwa. Watoto nao wana zao, fupi kabisa, za kuleta vidumu vya maji, na jioni za kuteremkia kwa kelele. Huko ndiko wengi wanakojifunza usawa.

Je, zama za chukudu zimepita?

Mwaka 2009 Rais Joseph Kabila alizindua mjini Goma sanamu ya rangi ya dhahabu ya mtu anayesukuma chukudu. Kwa kawaida kitu kikijengewa sanamu, watu wanaanza kukizika. Tangu wakati huo pikipiki zimejaa, na zile za magurudumu matatu zenye sanduku nyuma zimechukua mizigo mingi ya mjini. Zinapanda mlima, jambo ambalo chukudu hailiwezi bila jasho. Kwa safari ya kwenda na kurudi kutwa mara nyingi, sitamshauri mtu achague ubao.

Lakini vita na volkeno hubadilisha hesabu hii kila mara. Kijiji cha Kibumba na barabara ya Rutshuru vimeshikwa na kuachwa na watu wenye silaha mara nyingi, na mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wenyewe. Esansi inapopanda bei au kukosekana, pikipiki inalala. Chukudu haijui bei ya esansi. Nyiragongo ilipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021 na lava kufika Buhene, ukingoni mwa mji, familia zilitoka kwa chochote chenye magurudumu.

Hukumu yangu ni hii: chukudu itaacha kuwa lori la mji, na itabaki kuwa lori la siku mbaya na la njia zenye mteremko. Goma haikosi vyote viwili.

Ukienda kuagiza

Kabla ya kulipa, fanya haya:

- Inua kila gurudumu na ulizungushe kwa mkono. Lizunguke kimya na kwa muda mrefu. Likikwaruza, beringi imeingia vumbi au imekufa.
- Lisukume gurudumu kushoto na kulia. Likicheza kwenye ekseli, halitadumu mwezi.
- Tafuta nyufa kwenye shingo, pale usukani unapoingia. Hapo ndipo ubao unapovunjikia.
- Kanyaga breki ukiwa umesimama juu, na mwenzako asukume. Chukudu isisogee.

Fundi mzuri atakuuliza swali kabla ya kushika tezo: "Papa, unabeba nini, na unapita wapi?" Asipouliza, mwambie wewe mwenyewe: uzito wa mzigo wako, barabara yako, na kama una mteremko au huna. Na chukudu ikiwa tayari, usiipeleke Kibati siku ya kwanza. Ipakie nusu ya mzigo, iendeshe Ndosho hadi Mugunga na kurudi, kisha ukaze boliti zote upya.